Mhusika Asiyefutika

Bisha. Nimekuruhusu. Kaa hapo, kunja mikono, kunja na uso ukipenda, halafu mwishoni uniambie nimedanganya wapi. Wengi wamejaribu. Mmoja alikuja na shahada yake mbele yangu mimi nisiyemaliza hata shule ya msingi, akasikiliza mpaka katikati, akaomba maji. Kwa hiyo wewe bisha tu, ila usiseme sikukuambia.

Ilianza na kitu kidogo mno.

Jumapili, saa nane na nusu mchana, jua linawaka nje kama limetumwa. Watu watano wamekaa chumba cha nyuma cha duka la kuchapa na kufunga vitabu, wanacheza. Zamu inazunguka meza kama kawaida. Nesi kasema lake, Cheche kasema lake, Dada kasema lake. Ikafika kwenye kiti cha sita, kiti cha plastiki cha buluu ambacho hakikuwa na mtu. Hakuna aliyeongea. Lakini wote waligeuka wakakitazama, kwa muda ule ambao mtu angetumia kusema sentensi moja, kisha Shemeji akatikisa kichwa.

"Sawa, nimekusikia," akasema, akaandika kitu kwenye daftari lake.

Fundi peke yake ndiye aliyeshtuka. "Umemwambia nani sawa?"

"Nani?"

"Nakuuliza wewe. Umesema sawa, nimekusikia."

Shemeji akamtazama kama mtu aliyeamshwa. "Mimi? Kaka, jua limekupiga."

Wakacheka wote, zamu ikaendelea. Fundi akanyoosha shingo, akachungulia daftari. Palikuwa pameandikwa: *Anasema atasubiri.*

Tusiende mbio sasa. Fundi ndiye aliyekuwa kijana wa lile duka. Kazi yake ilikuwa kukata karatasi, kushona vitabu mgongoni, na kutia vyeti vya watu plastiki. Shule aliiacha mapema, ingawa yeye hudai shule ndiyo iliyomwacha. Kichwa lakini kilikuwa kinachemka. Kwa miaka miwili alitunga mchezo wake mwenyewe, kurasa sitini na nne, akauchapa na kuufunga kwa mikono yake, jalada gumu jekundu: *Mji wa Milango Tisa*.

Kama hujawahi kuona mchezo wa namna hiyo, nakueleza mara moja tu. Hakuna ubao, hakuna kompyuta. Kila mchezaji ana karatasi ya mhusika wake, yenye jina, ujuzi, na tarakimu za uhai. Mmoja mezani ndiye Msimulizi. Yeye anawaambia mlipo na mnachokiona, ninyi mnamwambia mnachofanya, na jambo likiwa gumu mnarusha dadu ya pande ishirini. Namba kubwa, umeweza. Namba ndogo, pole yako. Zimwi likikupiga, unachukua ufutio, unafuta uhai wako wa zamani na kuandika uliobaki. Ndiyo maana karatasi zote huandikwa kwa penseli.

Wachezaji walikuwa Nesi, mwanamke anayecheka mpaka wodi ya pili wanajua yuko zamu. Cheche, mchomeleaji wa mageti mwenye mkono usiotetemeka, ambaye ndiye aliyeichonga ile dadu kwa tupa kutoka kipande cha shaba. Na Dada, mdogo wake Fundi wa tumbo moja, ambaye wakati huo alikuwa na mimba ya miezi saba. Na mumewe Dada, Shemeji, dalali wa mnada wa fanicha. Sauti yake sasa! Nzito na laini, kama mlango wa jumba kubwa unaofungwa taratibu. Akikuambia kabati bovu ni zima, unalibeba mwenyewe mpaka nyumbani huku unamshukuru.

Msimulizi alikuwa Fundi, mchezo si wake? Mpaka Jumapili moja malaria ikamlaza, Shemeji akamshikia kiti. Alipopona akarudi na kitabu chake kwapani, Dada akamwambia, "Kaka, mwache amalizie kipande alichoanza. Katuacha darajani."

Kipande kikawa mwezi. Mwezi ukawa miwili.

Fundi alikuwa ameandika bei ya mkate katika kila mtaa wa ule Mji, majina ya walinzi wote, na upepo unavuma kutoka wapi mwezi gani. Alipokuwa akiyasoma, watu walipiga miayo kwa adabu. Shemeji alikuwa amesoma kurasa kumi na moja, na nyingine zote alizibuni huku anakuna kidevu. Akisema tu, "Mlango wa tano unafunguka," Cheche, baba mzima wa watoto watatu, anarudisha kiti nyuma.

Unadhani kijicho huja na pembe? Kinakaa mezani na wewe, kinacheka mnapocheka, ila kinahesabu. Jumapili moja Fundi alihesabu vicheko ishirini na tatu. Vya enzi zake havikuwahi kupita tisa, na viwili kati ya hivyo ni siku Cheche alipovunjikiwa na kiti.

Basi Jumatano moja, duka halina mteja, akakaa akatunga mhusika. Akamwita Mpokeaji. Hakumpa upanga, hakumpa moto. Alimpa kanuni moja: *Mtu akisifiwa, Mpokeaji anarusha dadu. Ikitoka kumi na nane au zaidi, kile kilichosifiwa ni chake.* Alitaka kuharibu utamu tu. Kila Shemeji akisifiwa kwa jambo, hadithi yake inyang'anywe jambo hilo, mpaka watu wachoke wamrudishe mwenye mchezo.

Alipofika kwenye kisanduku cha mwisho, kinachouliza ni nani anayemchezesha mhusika, kalamu ikasita. Akiandika jina lake, watajua. Akaandika: *Yeyote anayekitaka kiti.*

Na aliandika kwa wino. Halafu, ili Shemeji asije akafuta hata tarakimu moja, akaipitisha karatasi kwenye mashine ya kutia plastiki. Ikatoka upande wa pili ina joto, inang'aa kama kitambulisho. Mtunga michezo gani mwingine, mwenye akili zake, amewahi kufanya kosa hilo? Karatasi isiyofutika, uhai wake haupungui. Mhusika wa hivyo hafi.

"Kaka umeniletea zawadi!" Shemeji alifurahi kweli, ndivyo alivyo, huyo mtu hata ukimtemea atasema mvua imekuja. Akaiweka ile karatasi mbele ya kiti cha buluu. "Basi na akae hapa, karibu."

Ndiyo Jumapili niliyoanzia.

Jumapili iliyofuata Cheche alileta kichekesho kimoja cha mteja aliyetaka geti lisilo na mlango. Nesi akacheka mpaka akashika mbavu. Dada akafuta machozi akasema, "Nesi, kicheko chako kinaponya kuliko sindano zako."

Dadu ilikuwa katikati ya meza. Hakuna aliyeigusa. Ikajigeuza mara tatu, polepole, kama mtu anayejigeuza kitandani, ikatulia. Kumi na tisa.

"Nani katikisa meza?" akauliza Cheche.

Ikaja harufu. Udongo mbichi, ule wa chini kabisa ambao haujawahi kuona jua, ndani ya chumba cha sakafu ya saruji, wakati wa kiangazi. Cheche akatia utani mwingine. Nesi akafungua mdomo acheke, ikatoka pumzi. Akajaribu tena. "Ha," akasema. "Ha. Ha." Kama mtoto anayesoma silabi ubaoni. Na kutoka kwenye kiti cha buluu kikasikika kicheko kidogo cha mwanamke, cha chini kwa chini, cha mtu anayejaribu nguo ya mwenzake aone kama itamkaa.

Nesi alisema ni koo. Wakamwachia hapo.

Jumapili ya tatu ilikuwa zamu ya mkono wa Cheche. Nesi, na uso wake mkavu, alimsifu kwa geti alilomchomea mama yake, akasema mshono umenyooka kama umepigwa rula. Ishirini. Kufikia Jumatatu Cheche alikuwa hawezi kushika kikombe bila kumwaga. Kufikia Jumanne kibanda chake kilikuwa kimefungwa.

Hapo Fundi akajua. Kanuni ni yake, maneno ni yake, nani mwingine ajue? Na ningependa sana kukuambia kwamba alisimama akawapigia watu kelele. Hakusimama. Alikaa dukani wiki nzima anapanga karatasi, na kichwani mwake lilikuwa linazunguka jambo moja tu, kwamba mpaka sasa hakuna mtu aliyeisifu sauti.

Jumapili ya nne alikuwa wa kwanza kufika. Akafungua madirisha. Akafuta meza. Akaiweka dadu pale katikati, akaisogeza kidogo, akairudisha.

Shemeji siku hiyo alikuwa moto. Aliwapeleka mpaka mlango wa nane, akawashusha ngazi za mnara gizani, akashusha na sauti pamoja nao, ngazi kwa ngazi, mpaka ikawa mnong'ono wa chini kabisa ambao hata hivyo ulikijaza chumba kizima, na feni ya juu ikawa kama imeacha kuzunguka ili isikilize, na Fundi akamwona mdogo wake ameweka mkono tumboni, amefumba macho, anatabasamu, akajua neno linakuja, akalisubiri kama mtu anayesubiri chafya ya mwenzake.

"Mume wangu," Dada akasema, "sauti yako hii hata mtoto anatulia akiisikia."

Dadu ikaanza kuzunguka. Haikuharakisha. Ikapita kumi na mbili, ikapita saba, na wote sasa waliiona, Nesi akiwa amejiziba mdomo, Cheche ameukamata mkono wake mbovu kwa mkono mzima, na Shemeji akafungua kinywa aulize kuna nini, na dadu ikasimama kwenye ishirini, na kile alichotaka kuuliza hakikutoka, midomo ilikwenda, koo lilikwenda, mishipa ya shingo ilisimama, lakini pale palikuwa kimya kama redio iliyochomolewa.

Na Fundi? Alihisi ubaridi mtamu kifuani, kama maji ya mtungi baada ya kazi. Halafu, huku dada yake anamtikisa mumewe mabega, alilivuta daftari upande wake.

"Basi niendelee mimi," akasema.

Kutoka kwenye kiti cha buluu, kwa sauti ile nzito na laini, kitu kikamwambia, "Endelea."

Walitoka mle chumbani hata viatu wengine hawakuvaa vizuri.

Sasa wewe ungedhani yamekwisha, kila mtu apumzike kwake. Alhamisi, saa nne asubuhi, Dada alikuja dukani kuchukua nakala za kadi yake ya kliniki. Alikuwa amekonda usoni. Shemeji alikuwa amerudishwa nyumbani na wenye mnada. Dalali bubu wamfanyie nini? Mama mmoja aliyekuwa kwenye foleni, mtu mwema tu, akamtazama Dada tumboni.

"Hongera mwanangu. Mimba imekukaa vizuri, mtoto huyo ni mzima kabisa."

Chumba cha nyuma, mlango umefungwa, Fundi akasikia shaba ikizunguka juu ya mbao.

Alisikia inavyozunguka, inavyopunguza mwendo, inavyojikwaa upande mmoja hadi mwingine, na mashine ya nakala mbele yake inatoa mwanga, kushoto kulia, na yule mama anatafuta pochi, na dunia nzima haijui, na yeye amesimama ameshika kadi ya kliniki ya mtoto ambaye hajazaliwa, mpaka ikatulia. Kisha ikaja sauti kupitia mlango, sauti ya Shemeji, nzito, haina haraka.

"Kumi na sita. Nimekaribia."

Uso wa Dada ukang'aa. "Mume wangu yumo humo? Kaka! Sauti imerudi?"

Akaenda mbio kwenye kitasa. Fundi akaruka meza, akausimamia mlango.

"Usiingie."

"Niache nimwone mume wangu!"

"Mumeo yuko nyumbani. Umemwacha nyumbani mwenyewe."

Dada akaganda. Nyuma ya mlango ile sauti ikamwita, kwa jina la utani ambalo Shemeji humwita wakiwa wawili tu. Akarudi nyuma, hatua, hatua nyingine, mikono miwili tumboni.

"Kaka," akanong'ona, "ni nini kile?"

Akamwambia. Yote, mpaka kisanduku, mpaka plastiki. Dada hakulia. Alimwangalia kaka yake kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma risiti ambayo hakuitarajia.

"Kwa sababu tulicheka?" akasema. "Umetufanyia hivi kwa sababu tulicheka?"

Mchana huo Fundi alifunga duka akaingia mle ndani. Aliiweka ile karatasi chini ya kisu cha kukatia rimu, kisu kinachokata kurasa mia tano kama siagi, kikadunda. Aliiwasha kiberiti, ikanuka ule udongo, haikushika. Aliikunja, ikajikunjua. *Uhai: 30*, wino haukuhama hata chembe. Na wakati wote kiti cha buluu kilikuwa kinacheka kwa kicheko cha Nesi.

Dada aliwaeleza wengine, na kesho yake Nesi alimleta shangazi yake. Usije ukawaza mwanamke wa vibuyu na manyoya. Alikuja na mkoba wa ngozi na miwani ya kusomea, ametoka kumtibu mtu mtaa wa pili na ana mwingine saa kumi.

"Shikamoo shangazi," wakasema wote, wale wenye sauti.

"Marahaba. Kiko wapi kitabu?"

"Kitabu gani?"

"Cha huo mchezo wenu. Jini aliyeingia kwa nguvu mimi namtoa kwa nguvu. Huyu mmemwandikia mwaliko, anakaa kwa sheria. Lete nisome sheria."

Akaketi, akasoma kurasa zote sitini na nne. Peke yake duniani aliyewahi kufanya hivyo. Fundi, na hofu yake yote, moyo ulimruka kidogo alipomwona anatabasamu kwenye ukurasa wa upepo.

"Kijana, hiki kitabu chako kime..."

"Usisifu!" Watu watatu walipiga kelele pamoja. Dadu ilikuwa imeshaanza kutikisika. Ikatulia.

Shangazi akavua miwani, akaifuta. "Nimeelewa," akasema kwa sauti ndogo. "Hafukuziki, kwa sababu kiti ni chake. Hauawi, kwa sababu uhai wake haufutiki. Hali kitu ila sifa ya kweli, maana hiyo ndiyo njaa yenu mliyompa. Atachukua na huyo mtoto, akizaliwa au kabla. Siku moja mtu atamsifu na dadu itatoka vizuri. Tafuteni njia humuhumu ndani ya sheria zenu. Mimi sina nyingine."

Halafu Shemeji, ambaye hakuwa amesogea tangu aingie, akavuta kipande cha karatasi, akachukua penseli. Akaandika maneno matatu, akawageuzia.

*Tusifu kifo. Akichukue.*

Unajua Fundi aliwaza nini wakati huo, na mdogo wake yuko hatarini? Aliwaza: hata bubu kanizidi.

Wakapanga meza, kitungwe kifo cha kusifiwa ndani ya mchezo. Anayekufa ni mhusika wa Cheche, mlinzi wa mlango wa tisa, kwa kuwa Cheche alisema huyo mzee kachoka hata hivyo. Shemeji akaandika. Aliandika muda mrefu, akafuta, akaandika, na jua lilihama kutoka kwenye meza mpaka ukutani. Kisha akampa mkewe, naye akasoma kwa sauti iliyokuwa inakatika.

"Mlinzi alilifunga lango kwa nje, ili walio ndani wasione. Akavua kofia yake akaiweka juu ya jiwe, akaigeuza ielekee mjini, ili mtoto akiuliza mlinzi yuko wapi, aambiwe ametoka kidogo, kofia yake ile pale. Kisha akakaa, maana alikuwa amesimama miaka arobaini na hakuna aliyewahi kumwambia akae. Mvua ikaanza. Alipokufa hakuanguka. Alikuwa tu amepumzika, na mvua ikaijaza kofia, na kulipokucha ndege wakaja kunywa."

"Kifo kizuri," Nesi akasema haraka. Dadu haikusogea.

"Kizuri sana, jamani," akasema Cheche. Hakuna.

Walikuwa wanasifu kwa woga, na woga si sifa. Yule wa kitini alijua. Akasema kwa sauti ya Shemeji, polepole, akimgeukia Dada, ingawa hakuwa na uso wa kugeuza, "Mtoto anacheza leo?" Na kweli Dada akashika tumbo.

Fundi hakusikia vizuri hayo. Alikuwa bado kwenye ile kofia. Alikuwa ameandika majina ya walinzi wote tisa, urefu wao, silaha zao, na ndani ya miaka miwili hakuwahi kujiuliza kama wanachoka kusimama. Alitaka kumwambia Shemeji una akili ya ajabu, wewe mtu, una kipaji, na maneno yakaja mpaka kwenye meno, na hapo akaona dadu imejiinua ncha moja, inasubiri, kama paka anavyosubiri kipande kidondoke, na akakumbuka kanuni yake mwenyewe, kile kilichosifiwa ni chake, na akajua kwamba akimsifu mtu, jini atamchukua mtu, kile kilichomfanya awe yeye, kofia na ndege na vyote, na kwamba ni sentensi moja tu, hakuna atakayemlaumu, wataona ni bahati mbaya, na kiti cha Msimulizi kitabaki chake milele.

Alikaa na sentensi hiyo mdomoni muda ambao hawezi kuueleza.

"Kifo hiki," akasema mwishowe, machozi yanamtoka bila haya, "ndicho kifo kizuri kuliko vyote nilivyowahi kusikia. Haki ya Mungu. Hata mimi ningetamani kufa hivyo."

Dadu ikaruka. Ikagonga dari, ikagonga ukuta, ikaangukia meza ikazunguka ukingoni, wote wameshikana mikono, Shangazi anasoma dua bila sauti, na ikalala. Kumi na nane.

Kiti cha buluu kikavuta pumzi. Pumzi ndefu, kama chumba kizima kinavutwa kuelekea pale, karatasi kwenye rafu zikapeperuka, mapazia yakaingia ndani, na ile plastiki mezani ikaanza kujikunja yenyewe pembe kwa pembe, ikitoa maji, maji ya mvua kweli, yanachuruzika mpaka sakafuni, na wino ukaondoka nayo mstari kwa mstari, jina, ujuzi, uhai, kisanduku. Kisha kiti kikapasuka miguu yote minne. Harufu ya udongo ikakatika kama uzi.

Nesi akacheka. Alicheka mpaka akalia. Cheche akanyoosha mkono wake mbele ya macho, umetulia tuli. Mtoto akapiga teke, Dada akapiga ukelele. Baada ya mwezi na kidogo alizaliwa wa kike, kilo tatu na robo, mzima, na tulikubaliana wote kutomsifu mpaka atimize mwaka.

Hadithi huwa naimalizia hapo. Watu hupiga makofi, wananiambia hakuna msimulizi kama mimi mjini, nami nakubali.

Lakini wewe umekaa mpaka mwisho, na macho yako siyapendi, kwa hiyo nikuambie nilichokiruka. Fundi ni mimi, hilo umeshalijua, usijifanye. Sio hilo. Ni kwamba kiti kilipopasuka, vilivyochukuliwa vilitoka kimoja kimoja. Kicheko kilikwenda kwa Nesi. Mkono ulikwenda kwa Cheche. Sauti ilitoka mwisho, ikaelea juu ya meza kama mvuke wa chai, inatafuta mdomo ulio wazi. Shemeji alikuwa ameinama anamshika mkewe, kafunga wake. Wangu ulikuwa bado wazi, nimetoka kusifu. Ningeweza kuufunga. Niliona inakuja, nilikuwa na nafasi ya kuufunga hata mara mbili.

Nikameza.

Niliwaambia sauti yangu imekuwa nzito kwa sababu ya mafua. Wakakubali, walikuwa na furaha. Shemeji hajawahi kuniuliza. Anauza viti vya mitumba kwa kuandika bei kwenye ubao, na Jumapili anakuja kunisikiliza, anakaa nyuma, midomo yake inatembea na maneno yangu.

Mtoto sasa ana miaka miwili. Akilia habembelezeki, mpaka niongee mimi. Miezi saba tumboni aliisikia sauti hii kila siku, utamdanganya nini?

Jana, mbele ya babake, aliniita baba.

Nikaitika.